Kipande cha Mdogo Wetu

Wifi yangu alikuwa anakata maini. Watu wengine wakisikia hivyo wanadhani nasema alikuwa na ulimi mkali, na yeye mwenyewe alipenda kuyachezea maneno hayo. Mgeni akimwuliza anafanya kazi gani, alimjibu kwa upole, "Nakata watu maini," kisha akamwacha amekodoa macho, huku sisi tunaomjua tunachekea tumboni. Ukweli ni kwamba alikuwa fundi wa maabara katika chuo cha udaktari. Chumba chake kilikuwa cha nyuma, na dirisha lake lilitazama mahali pa kuegesha magari ya wagonjwa. Mbele yake palikuwa na mashine yenye gurudumu la kuzungusha kwa mkono, kama cherehani yangu ya zamani. Kipande cha ini, kidogo kama ukucha, kilikuwa kimegandishwa ndani ya nta. Wifi akizungusha gurudumu, nta inashuka kwenye wembe, unatoka utepe mwembamba ambao ukipumua vibaya tu unapeperuka. Aliudaka kwa brashi ndogo, akaulaza juu ya maji ya vuguvugu mpaka ukajikunjua wenyewe, ndipo akauopoa kwa kipande cha kioo. Nilikuwa naweza kumtazama muda mrefu bila kusema neno, na mimi kunyamaza si kawaida yangu.

Mimi ni fundi cherehani, na makoti meupe ya chuo kile nilikuwa nashona mimi. Ndipo nilipomfahamu. Kaka yangu alimfahamu kupitia kwangu. Yeye alikuwa fundi makochi, na walipotaka mtu wa kuvisha upya viti vya maabara nikamtaja. Viti vyote alivimaliza upesi, isipokuwa kimoja. Kile cha wifi alikuwa anakirudia: mara sponji imelala upande, mara msumari unachungulia, mara ngozi haijavutika sawasawa. Mwishowe wifi akamwambia, "Fundi, kama unataka kukaa hapa sema, tusikisumbue kiti bure." Wakaoana. Wakajaliwa binti mmoja, na kwa miaka mingi nyumba yao ilikuwa ile nyumba ambayo ukiingia na uchungu wako, unatoka umeusahau mezani.

Kwetu tulizaliwa watatu: kaka, mimi, na kitinda mimba wetu, ambaye hadi leo, mvi zinamwanza, tunamwita Kitinda. Wazazi walipofariki alikuwa hajang'oka meno ya utoto. Kaka ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni kwenda naye karakana, akamlaza juu ya marundo ya sponji huku anagonga misumari. Kitinda akakua, akawa kinyozi mwenye mdomo usiopumzika, wateja wanamfuata kwa hadithi zake kuliko kwa wembe wake. Kila mwisho wa juma alikuja kumnyoa kaka barazani, na mabishano yao yalisikika mpaka kwa majirani wa mwisho.

Sasa pale maabara alikuwepo Profesa, mama mfupi mwenye sauti ya kukwaruza. Mwaka mmoja akaanza utafiti wa neva zilizomo ndani ya ini. Siku hiyo nilikuwa nimepeleka makoti, nikamkuta wifi ameinamia darubini.

"Wifi, njoo uone mambo," akaniambia, akanisogezea kiti, kilekile cha kaka.

Nikachungulia. Palikuwa na giza, na ndani ya lile giza nyuzi za kijani zinawaka. Pembeni zilikuwa nene kidogo, zimeandamana na mirija. Kutoka hapo ziligawanyika, zikazidi kuwa nyembamba, zikapenya katikati ya seli na seli mpaka jicho linazipoteza.

"Kumbe ini lina nyuzi?" nikauliza. Mimi nilijua ini ni nyama tupu.

Profesa akacheka. "Wengi wanadhani hivyo. Hizo ni neva, mishipa ya fahamu. Tumezipaka dawa ili ziwake. Zinaingia pamoja na mishipa ya damu na mfereji wa nyongo, kisha zinajipenyeza mpaka kwenye seli zenyewe."

"Zinafanya nini huko?"

"Zinapeleka habari. Ukishtuka, zipo zinazoiambia seli ya ini: fungua akiba, toa sukari, mwenye mwili anataka kukimbia. Ukishiba na kutulia, nyingine zinaisaidia seli iweke akiba tena. Zinabana na kulegeza mishipa midogo ya damu, zinagusa utokaji wa nyongo. Na ini likijeruhiwa, zina mkono wao katika kuota kwa seli mpya. Mkono mkubwa kiasi gani, ndicho tunachotafuta."

"Na kila seli ina uzi wake?"

"Hapana, baadhi tu. Iliyoguswa inampasha jirani, na jirani anampasha jirani yake."

"Umbea," wifi akasema bila kuinua macho.

"Umbea," Profesa akakubali. "Ila huu hauongezi chumvi."

Mimi nina kisukari. Nikauliza kama ndiyo sababu nikipata habari mbaya sukari yangu inaruka hata kama sijatia kitu mdomoni. Profesa akasema ni mojawapo ya sababu. Nilitoka mle najiona msomi, nikamweleza kila mteja aliyekuja kuchukua nguo yake siku ile, wapende wasipende.

Ugonjwa wa kaka ulianza kama uchovu. Akawa anaketi katikati ya kazi, nyundo mkononi, kama mtu aliyesahau alichotaka kugonga. Kisha miguu ikavimba, tumbo likajaa maji, macho yakageuka rangi ya manjano. Midomo ya watu haina kizibo. Mtaani wakasema ni pombe. Kaka ambaye kwenye sherehe za watu alikuwa anaomba maji! Vipimo vikaonyesha ni virusi vya homa ya ini, vile vya aina ya B, ambavyo huenda alikuwa navyo tangu utotoni bila kujua. Sisi wengine tulipimwa tukakutwa salama, wifi na binti yake wakachanjwa. Lakini kwa kaka maji yalikuwa yamezidi unga. Ini lake lilikuwa limesinyaa na kujaa makovu, na daktari wa upasuaji akatuambia waziwazi kuwa dawa zitamsogeza tu, hazitamponya. Alihitaji kupandikizwa kipande cha ini la mtu aliye hai, na ndugu wa damu angefaa zaidi.

Tulikuwa tumekizunguka kitanda chake hospitalini. Mimi nilikataliwa papo hapo kwa sababu ya kisukari. Damu ya wifi haikupatana na yake. Binti yao alikuwa bado mdogo, hata kutajwa hakutajwa, ingawa alikuwa amesimama pale ameinua kidole kama yuko darasani.

"Mimi nipo," Kitinda akasema.

Kaka akamtazama. "Usikurupuke, mdogo wangu. Nenda kaongee na mkeo kwanza."

"Kuongea nini? Mgongo wako mzima niliutumia kama farasi. Kipande cha ini ni nini?"

Daktari akamweleza kila kitu bila kumficha hatari zake. Kipande kingekatwa kwake, kishonwe kwa kaka, na baada ya muda maini ya wote wawili yangekua tena. Kitinda alisikiliza, kwa mara ya kwanza maishani mwake bila kumkatiza mtu. Mwishoni akauliza, "Na hicho kipande kikishafika kwa kaka, kitajua kwamba kimehama?"

"Mishipa ya damu tunaiunga," daktari akasema, "na mfereji wa nyongo tunauunga. Neva hatuungi. Ni nyembamba mno. Zinakatwa, tunaziacha hivyo."

"Sasa kitafanyaje kazi bila kuambiwa?"

"Kitafuata maelezo yaliyomo kwenye damu. Maini mengi yamefanya kazi hivyo miaka na miaka. Baadaye neva nyingine huota kidogo kidogo."

"Kwa hiyo kitakuwa pale peke yake, hakisikii kichwa changu wala cha kaka."

"Kwa muda, unaweza kusema hivyo."

"Basi kitapumzika," Kitinda akasema. "Kichwa changu kina kelele." Tukacheka sote, hata kaka aliyekuwa akicheka anaumia mbavu. Nilimwona Kitinda akifuta viganja kwenye suruali. Nikadhani ni joto.

Vipimo vikaanza. Kitinda alitolewa kipande kidogo cha ini kwa sindano, na kaka hivyohivyo. Kwa kuwa Profesa alikuwa anatafuta maini mazima na maini yenye makovu ili alinganishe neva zake, wote wawili waliombwa ruhusa ya kubakiza sehemu kwa ajili ya utafiti, wakatoa. Nilichokuja kuelezwa baadaye ni kwamba vile vipande vilipofika maabara, Profesa alimwambia wifi, "Hivi usiviguse. Mwenzako atavikata."

Wifi akamjibu, "Profesa, nani atawakata vizuri kuliko mimi?"

Profesa akavua miwani, akaifuta, akairudisha machoni. Wifi akakaa kwenye kiti chake, akakata.

Siku ya upasuaji ikapangwa. Kaka akaanza kutoa maagizo ya karakana kama mtu anayesafiri na kurudi: kochi la fulani livishwe rangi gani, gundi ihifadhiwe wapi. Wifi alinunua shuka mpya, akazifua, akazianika, akazikunja, akazifua tena. Ndipo daktari wa upasuaji akatuita, wifi, Kitinda na mimi, kwenye chumba kidogo chenye maua ya plastiki.

"Tumekamilisha tathmini ya mwisho," akasema, macho yake kwenye yale maua. "Nasikitika. Ndugu yenu hafai kutoa. Ini lake lina mafuta mengi. Tukiendelea tutawahatarisha wote wawili."

Kitinda alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kinagusa kifua.

"Mafuta?" wifi akauliza.

"Ndiyo, mama."

Wifi alimtazama yule daktari. Akamtazama Kitinda. Kisha akafungua mkoba wake, akatafuta kitu, asikipate, akaufunga. "Ahsante, daktari," akasema, akainuka. Mimi nilidhani amepigwa na butwaa kama mimi. Nilimshika mkono tukatoka, na mkono wenyewe ulikuwa wa baridi kama chuma.

Kupata ini la aliyefariki, kwa pale tulipokuwa, ilikuwa bahati nasibu, na sisi hatukubahatika. Kaka akawa anaisha mbele ya macho yetu. Mwili ulipukutika, tumbo likabaki. Kitinda aliendelea kuja kumnyoa, kama zamani, ila sasa alikuwa hana hadithi. Mchana mmoja nilikuwepo. Wifi alikuwa anakunja nguo dirishani. Kitinda amempaka kaka sabuni shavuni, anapitisha wembe polepole, na kaka anamtazama kwa yale macho ya manjano.

"Leo unaninyoa kama unaniomba radhi," kaka akasema.

Kitinda akausuuza wembe kwenye bakuli.

"Sikiliza, wewe. Acha kujikunyata kila ukiingia humu. Mafuta si dhambi. Najua ungekuwa nalo zima ungenipa, tena ungenipa lote ubaki unatetereka." Akajaribu kucheka. "Punguza kula tu. Usije na wewe ukalazwa huku."

Wembe ukateleza mkononi mwa Kitinda. Tone la damu likachomoza kwenye shavu la kaka, dogo kama kichwa cha pini. Wifi akaweka nguo chini, akaja, akamtoa ule wembe vidoleni bila kumvuta.

"Lete nimalizie mimi," akasema. "Nenda kanywe maji, shemeji."

Kitinda akatoka. Wifi akakaa ukingoni mwa kitanda, akamnyoa mumewe shavu lililobaki, akamfuta, akambusu pale alipokatwa. Mimi nililia kwa sababu ya kaka. Sikujua kwamba mle ndani palikuwa na msiba mwingine, na kwamba alikuwa anaubeba mtu mmoja tu.

Siku za mwisho akili ya kaka ikawa inaenda na kurudi. Ini likishindwa kusafisha damu, uchafu unapanda kichwani. Alimwita wifi kwa jina la mama yetu.

"Kitinda amerudi kutoka shule?" alimwuliza.

"Amerudi," wifi akasema.

"Amekula?"

"Amekula, ameshiba. Lala sasa."

"Mfunike. Anapenda kujifunua."

"Nimeshamfunika."

Aliondoka asubuhi, wauguzi wanabadilishana zamu, wifi amekishika kisigino chake kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa na mipira ya dawa. Kwenye mazishi aliyelia kuliko wote alikuwa Kitinda. Ilibidi ashikiliwe. Watu wakasema, hakika damu ni nzito, tazama alivyompenda kaka yake. Wifi alisimama wima upande wa pili wa kaburi, amemkumbatia binti yake, hakutoa sauti hata moja.

Miezi mingi ilipita. Siku moja ya mvua, wateja hakuna, Kitinda akaingia kwenye chumba changu cha kushonea, ameloa. Hakusalimia. Alikaa juu ya robota la kitambaa na maji yanamtiririka, nami nikawa nataka kumgombeza kwa kuniharibia kitambaa cha watu.

"Dada," akasema, "ini langu halina mafuta."

Nilidhani amepimwa tena. "Mungu ni mwema," nikamwambia. "Umepungua?"

"Halikuwahi kuwa nayo."

Mguu wangu ukaachia cherehani.

"Waliniita peke yangu," akasema. "Daktari mwingine, si yule tuliyemzoea. Akafunga mlango. Akaniambia kila anayetoa wanamwuliza mara ya mwisho akiwa peke yake. Akasema, ukisema hapana tutawaambia nduguzo kwamba vipimo vimekukataa, hakuna atakayejua, leo wala kesho. Dada, wallahi niliingia mle na ndiyo yangu mdomoni. Ila kumbe nilikuwa naomba kila siku mtu anifungulie mlango. Alipoufungua, miguu ikatangulia."

"Kwa nini?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini, Kitinda? Kaka hakuogopa njaa alipokupa sahani yake!"

"Kisu. Niliota kila nikilala, wananifungua wanasahau kunifunga. Mke wangu alikuwa ndio kwanza ana mimba. Nikajidanganya kaka atapata ini jingine. Halafu akaanza kunifariji. Yeye, ananifariji mimi!" Akaziba uso. "Ningeweza kusema hata siku ile ya wembe. Ulimi ukawa jiwe."

Nilimwambia atoke. Alipochelewa kuinuka nilimrushia kilichokuwa karibu, rula ya mbao ya kukatia nguo, ikampata begani. Hakujikinga. Alitoka kwenye mvua, na mimi nikabaki naisikia damu masikioni. Nilijipima sukari, ilikuwa juu kuliko nilivyopata kuiona, na tangu asubuhi sikuwa nimekula. Nikakumbuka nyuzi zile za Profesa. Ini langu lilikuwa limesikia habari, nalo likafungua akiba ili nikimbie, na mimi nilikuwa nimekaa juu ya kigoda sina pa kukimbilia.

Nilimwogopa wifi. Nilijua maneno niliyobeba yatamkata maini, na safari hii si utani. Lakini ningekaa nayo vipi? Kesho yake nikaenda chuoni. Alikuwa anaosha brashi zake kwenye sinki. Nikafunga mlango, nikaanza kulia kabla sijasema chochote, nikayatema yote kwa mkupuo mmoja.

Aliendelea kuosha brashi mpaka nilipomaliza.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Nilijua mle mle, kwenye chumba cha maua ya plastiki. Kipande chake nilikuwa nimeshakikata, wifi. Ini lenye mafuta ukilitia kwenye nta mafuta yanayeyuka, yanaacha matundu, linakuwa kama sifongo. Lake halikuwa na tundu. Lilikuwa zuri kuliko maini yote niliyokata mwaka ule."

Akafuta mikono, akafungua droo, akatoa vioo viwili. Akazima taa, akaweka kimoja chini ya darubini. "Huyu ni kaka yako."

Niliangalia. Palikuwa na mikanda mipana ya makovu, na nyuzi za kijani zimejazana ndani ya mikanda hiyo, zimepindapinda. Katikati ya mikanda palikuwa na mafundo ya seli kama visiwa, na ndani ya visiwa hapakuwa na uzi hata mmoja. Giza tupu. "Seli zilijaribu kuota upya," wifi akasema nyuma yangu, sauti yake ya kawaida kabisa, ya kazini. "Ini halikati tamaa haraka. Lakini neva hazikuzifuata. Seli zilikuwa zinaishi mle hakuna anayeziambia kitu."

Akabadilisha kioo. "Na huyu ni mdogo wako."

Sikuweza kutazama kwa muda mrefu. Nyuzi zilikuwa kila mahali, nyembamba, zimetulia, kila pembe ya ini imefikiwa.

"Kwa nini ulinyamaza?" nikauliza. "Ungesema siku ileile! Tungemshika!"

"Tumshike tumfunge kamba?" Akawasha taa. "Nilimfuata, wifi. Usidhani sikumfuata. Jioni ileile nilitoka hospitalini nikaenda moja kwa moja mpaka kwenye kibanda chake cha kunyolea. Nilikuwa tayari kupiga magoti mbele ya wateja wake. Nikamwona kupitia kioo cha dirisha. Alikuwa na mteja kitini, ameshika mashine, na mikono inamtetemeka hivi, mpaka mteja ameinua kichwa anamtazama. Nikajiuliza, nikimlazimisha kwa aibu, akalala pale mezani na hofu yote ile, akafa, nitamwambia nini mkewe mwenye mimba? Nitamwambia nini mume wangu atakapoamka na kipande cha maiti? Nikageuka, nikarudi."

"Na kaka? Hakustahili kujua?"

"Kaka yako alikuwa anakufa." Hapo sauti ikamkatika, mara ya kwanza tangu kaka augue. "Nimnyang'anye na mtoto aliyemlea? Alikuwa na kitu kimoja tu kilichobaki kizima, kwamba mdogo wake angempa. Nilimwachia nacho."

Aliniambia kwamba alilia kwenye chumba cha majokofu, wanakohifadhi vipande, kwa sababu mashine za mle zina kelele na mtu hasikiki. Alikuwa anaenda kila siku, analia, ananawa, anarudi kukata. Wenzake walidhani anapanga vipande.

Mimi nilikuwa nimeshikilia meza. "Kwa hiyo umemsamehe?"

"Hapana," akasema. "Alikuwa na haki yake. Aliulizwa, akajibu. Ini ni lake. Hayo yote nayajua, na usiku nikilala najiambia. Sijamsamehe. Namsalimia tu."

Akavirudisha vile vioo kwenye droo. "Nakuomba kitu kimoja. Binti yangu asijue. Amepoteza baba. Asipoteze na baba mdogo."

Nimelitunza neno hilo. Kwa Kitinda nilinyamaza karibu mwaka mzima, kisha nikamfungulia mlango, kwa sababu ndugu yangu niliyebaki naye ni yeye. Wifi bado yuko maabara ileile, anakata, na Profesa anasema utepe wake haujawahi kukatika vibaya. Mke wa Kitinda alijifungua mtoto wa kiume, wakampa jina la kaka. Walipomleta kumwonyesha, wifi alimpokea, akamweka begani, akamtembeza chumbani kote, kisha akamrudisha kwa mama yake, si kwa baba.

Binti, ambaye sasa ni msichana mkubwa, anampenda baba yake mdogo kupita kiasi. Huyo baba mdogo ndiye anayemfundisha kuendesha gari. Jumapili iliyopita walikuwa uani, mimi na wifi tuko jikoni. Binti alikuwa anamwigiza baba mdogo jinsi anavyokanyaga breki ya hewani kila gari likikata kona, na Kitinda akaangua kicheko. Kilianza kama kikohozi, kikapanda, kikapanda, kikaishia juu kabisa kwa pumzi iliyokwama. Kilikuwa kicheko cha kaka, hakikupungua hata mahali pamoja. Nadhani alikuwa nacho siku zote, ila wawili hao walikuwa wanacheka pamoja, na sisi hatukuwa tunawatofautisha.

Mikono ya wifi ilisimama ndani ya maji. Aligeuza uso ukutani na kukaa hivyo, bomba linamwagika, mpaka kicheko kikaisha chenyewe huko nje. Nilitaka kumshika bega, nikaona nisimguse.

Akafunga bomba.

"Waite," akasema. "Chakula kinapoa."